Mitetea Weusi wa Bi. Sikudhani

Nchi ninayoisimulia haipo. Naomba hilo lieleweke mapema, maana nimeshaulizwa mara mbili na watu waliovaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Haipo kwenye ramani yoyote, na wewe msomaji ukiuona mtaa wenu humu, au ukaisikia sauti ya mbunge wenu, shauri yako. Mimi nilikuwa karani wa wilaya katika nchi hiyo isiyokuwapo. Kazi yangu ilikuwa kushika utepe wa kupimia, ule wa mafundi cherehani, na kuandika vipimo vya kuku.

Bendera ya nchi hiyo ina mistari myeusi na myeupe, basi. Waasisi walitaka rangi sita. Vitambaa viliagizwa, vinne vikapotelea bandarini, na sherehe ya uhuru haikuweza kungoja. Baadaye tukafundishwa shuleni kwamba rangi mbili zina maana nzito kuliko sita, na aliyeuliza maana yenyewe ni ipi alichapwa.

Sasa, kila mwaka kulikuwa na maonyesho ya wakulima, na mwaka huo Mtukufu, Mkuu wa Nchi, alikuja kukagua matrekta. Matrekta hayakufika. Ili asirudi bila kukagua kitu, wakampitisha kwenye mabanda ya kuku, na huko akakutana na Sajenti.

Sajenti alikuwa jogoo wa Bi. Sikudhani Ngoda, mjane wa kata ya Kilalani, mama wa miaka sitini na ushei, mkavu wa maneno. Nimepima kuku elfu na mia tatu katika maisha yangu na sijaona wa pili wake. Mistari yake, mweusi mweupe, mweusi mweupe, ilikuwa imekatika sawasawa tangu shingoni hadi mapajani. Ukipuliza manyoya ya kidari ukaona ile pamba ya chini karibu na ngozi, nayo ilikuwa na mistari. Mgongo bapa, kidari kipana, upanga wa kichwani wa meno matano umesimama wima. Bi. Sikudhani alikuwa amehangaika miaka kumi na tisa kumpata jogoo huyo, kizazi juu ya kizazi, kila kifaranga kimeandikwa baba yake na mama yake kwenye daftari la shule.

Mtukufu alisimama mbele ya tundu dakika nne. Waandishi wa habari walihesabu.

"Huyu," akasema, "ni bendera inayotembea."

Alisema kweli, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Papo hapo Sajenti akateuliwa kuwa Jogoo wa Taifa mwenye cheo cha kanali, akapakiwa kwenye gari lenye king'ora akapelekwa kasri. Bi. Sikudhani akapewa cheti na soda moja.

"Nitarudishiwa lini?" akauliza.

Wakubwa walicheka sana. Walidhani bibi anafanya mzaha.

*

Wiki mbili baadaye Profesa Gidioni Lusekwa, Waziri wa Mifugo na Heshima ya Taifa, alisimama bungeni. Uprofesa wake ulikuwa wa historia ya kofia. Alizungumza saa tatu na nusu, nami nawapa kiini chake tu.

"Waheshimiwa! Taifa lenye kuku wa kila rangi ni taifa lenye watu wa kila fikra! Tumevumilia vya kutosha! Kuanzia leo, kuku ni mmoja!"

Wabunge wakapiga meza. Mmoja alipiga mpaka akavunjika kidole, akapewa likizo ya uzalendo.

Hivyo ikazaliwa Sheria ya Ulinganifu wa Kuku, vifungu arobaini na kimoja. Mistari iwe na upana wa milimita tano na isipinde. Meno ya upanga yasizidi matano wala yasipungue. Kifungu cha thelathini na tatu kilitaka kuku "aonekane ameridhika." Kuku asiyelingana na Kanali Sajenti achinjwe, na mwenye kuku ashukuru kwa maandishi.

Kamati ya wizara ilikaa siku kumi kuamua habari za kuku wa aina nyingine. Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, alihukumiwa kwa kutembea uchi. Kibutu, asiye na mkia, alionekana anaficha kitu. Kuchi alikuwa mrefu mno, na urefu wake ukatafsiriwa kuwa ni dharau. Kibwenzi, mwenye shungi kichwani, alisamehewa kwa siku nane, hadi mtu mmoja alipokumbusha kamati kwamba katika nchi ile anayeruhusiwa kuvaa kofia mbele ya Mtukufu ni Mtukufu peke yake.

Basi tukachinja. Mji mzima ulinuka manyoya yaliyomwagiwa maji ya moto. Mama mmoja aliniletea kibutu wake kamfunga mkia wa majani makavu ya mgomba, mkia wenyewe kaupaka chokaa na masizi kwa zamu, akaniangalia machoni. Nikaandika "udanganyifu" kwa hati safi kabisa. Nilikuwa mpumbavu mwenye hati nzuri, na serikali ile ilituhitaji wengi.

*

Zamu ya Kilalani ilifika miezi miwili baada ya Sajenti kuchukuliwa. Nilifuatana na Mkaguzi Mwandamizi Chediel, bwana mmoja ambaye tangu utotoni alikuwa akiogopa kuku, na kwa sababu hiyo alionekana hatapendelea. Alivaa glavu za daktari na mabuti ya mvua, na jua lilikuwa kali.

"Hodi hapa!"

"Karibuni, wanangu," Bi. Sikudhani akasema. "Mmemrudisha Sajenti?"

"Kanali hajambo," Chediel akajibu. "Tumekuja kukagua jamaa zake."

Bibi alikuwa na mabanda mawili. Katika la kwanza mlikuwa na mitetea wanane wa kupendeza, mistari yao imetulia, na jogoo aliyepauka kama shati lililofuliwa mno. Jogoo tukamchinja. Mitetea wale wanane Chediel akawapigia saluti, wakaandikwa kwenda kasri kuwa wake za Kanali.

Katika banda la pili mlikuwa na mitetea sita, na hakukuwa na jogoo. Lilikuwa banda la Sajenti. Mapora wengine, majogoo wachanga, bibi alishawauza, kwa sababu mfugaji wa maonyesho hubakisha dume mmoja tu. Mitetea hao walikuwa weusi wa kuchafuka, weusi wa chungu kilichokaa jikoni mwaka mzima. Ukimgeuza mmoja juani ungeona mstari umejaribu kutokea ukakata tamaa. Kila mmoja alikuwa na kipande cha kitenge mguuni.

"Aibu gani hii?" Chediel akauliza.

"Huyo ni mama yake Sajenti," akasema Bi. Sikudhani, akionyesha mmoja. "Na hao ni dada zake."

"Usinitanie, bibi."

"Sikutanii, mwanangu. Sikiliza. Ukitaka jogoo wa mistari safi, mama yake lazima awe hivi, masizi matupu. Ukimpandisha jogoo safi kwa mitetea safi, wana wa kiume hutoka wamepauka. Ndiyo maana nina mabanda mawili. Hili la kuzalia majogoo wa maonyesho, lile la kuzalia mitetea. Mwenyewe nimekosea miaka sita kabla sijalijua hilo. Hawa unaowaona wabaya ndio waliozaa bendera yenu."

Chediel alinigeukia. "Karani, andika. Mtuhumiwa amesema bendera imezaliwa na masizi."

Niliandika.

"Sasa mimi nimekueleza ukweli wa kuku," bibi akasema. "Kuku, baba. Sijataja mtu."

"Serikali haifundishwi kuku," Chediel akasema, akavuta glavu zake vizuri.

Nilishika tenga. Tuliwaingiza sita mmoja mmoja, na bibi aliwaita kila mmoja kwa jina lake wakati akipita. Naona aibu hadi leo, na sitaki mnifariji. Nilipoingia ndani kuchukua kitambulisho chake, nikaona mvunguni mwa kitanda mtetea wa saba ameatamia, mweusi kama wenzake, ananikodolea jicho. Fomu yangu ilikuwa na safu ya "kuku walio bandani." Haikuwa na safu ya kuku walio mvunguni. Sikuandika. Msinisifu, mimi siandiki pasipo na nafasi.

Wale sita waliliwa siku iliyofuata kwenye Semina ya Uzalendo wa Manyoya. Supu ilikuwa nzuri, nikanywa bakuli mbili. Bi. Sikudhani alikaa siku tatu kwenye ofisi ya kata kwa kuikashifu bendera, akatolewa baada ya kutia sahihi kwamba hataeleza tena jambo lolote la kuku mbele ya mtumishi wa umma. Alirudi akakuta mayai ya mvunguni yote viza, kwa kuwa baba yao alishakuwa kanali zamani.

*

Mwaka wa kwanza wana wa Kanali walipoota manyoya, Shamba la Taifa walikolelewa lilitoa taarifa kwamba wana afya njema. Hawakutaja rangi. Tuliowaona tuliona kijivu. Mistari ilikuwapo, lakini ilikuwa imefifia, na ule weusi ulionekana umechoka. Waziri akaufukuza uongozi wa shamba kwa kuwalisha pumba zisizo na ari.

Mwaka wa pili walififia zaidi. Safari hii maadui wa nje walihusika. Chanjo ya maadui ikatafutwa, na majogoo mia mbili na arobaini wakachomwa sindano kila Jumatatu. Mwaka wa tatu jogoo aliyepelekwa kwenye gwaride alikuwa mweupe kiasi kwamba balozi mmoja mgeni aliuliza kama nchi imesalimu amri. Profesa Lusekwa aliitwa bungeni kueleza.

"Kuku hawajapauka!" akanguruma. "Ni weupe uliokomaa! Weusi umetekeleza wajibu wake na sasa umestaafu!"

Wakapiga meza, ila safari hii kwa vidole viwili. Kila mtu aliona kwamba Mtukufu, aliyekuwa ameketi ghorofani, hakutabasamu. Kanali Sajenti mwenyewe alikuwa bado hai na bado mzuri, lakini jogoo ana siku zake, na waziri naye ana siku zake, na Profesa Lusekwa alijua zake zimefungwa kwenye mguu wa yule jogoo.

Ikaundwa tume. Wataalamu kumi na tisa wakaenda ng'ambo siku arobaini, wakarudi na ripoti ya kurasa mia sita. Ukurasa wa mia tano na themanini ulisema kwamba jogoo mwenye mistari safi huzaliwa na mama mweusi wa masizi, na kwamba wafugaji wanaojua kazi yao hutunza mabanda mawili. Waziri akaliita jambo hilo ugunduzi. Redio ikatangaza asubuhi, mchana na jioni: anatafutwa mtetea mweusi, aliyechafuka, wa ukoo wa Kanali, akipatikana ataitwa Mama wa Taifa.

Hakupatikana. Nchi ile haikuwahi kutii sheria hata moja kama ilivyoitii ile ya kuku. Tulikuwa tumewamaliza.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilimwendea Bwana Chediel, ambaye kwa ushujaa wake alishapandishwa kuwa Afisa Itifaki wa Wizara, nikamwambia kwamba kwa Bi. Sikudhani alibaki mmoja, namwona kila nikipita, anachakura uani, mzima wa afya. Nilidhani nafanya wema. Nilidhani bibi atapata heshima yake, na mtetea wake atakutanishwa na Sajenti, na kazi ya miaka kumi na tisa haitapotea. Sisi watu wa ofisini tuna ugonjwa huo wa kudhani.

Chediel alinikumbatia. Kisha akatoa kabatini waraka wa ziara za viongozi, akanipa nipige chapa barua kwa mwenyeji. Nilipofika kipengele cha tisa vidole vikasimama.

"Mkubwa, hapa pamesema mgeni wa ngazi ya waziri achinjiwe kuku wa kienyeji, atoke bandani kwa mwenyeji mwenyewe, asinunuliwe sokoni kwa sababu za kiusalama."

"Ndivyo ilivyo siku zote."

"Huyu bibi ana kuku mmoja."

"Waraka umetaja idadi?"

"Haukutaja."

"Basi piga chapa. Na usisahau firigisi. Firigisi ni ya Mheshimiwa, iletwe nzima."

Nilipiga chapa. Profesa Lusekwa akatia sahihi bila kusoma, kama alivyotia sahihi ile sheria.

*

Nilimpelekea bibi barua mkononi. Alivaa miwani yake iliyofungwa uzi, akasoma mpaka mwisho, akarudia kipengele cha tisa kwa kidole.

"Redio inamtafuta," akasema. "Na barua inasema nimchinje."

"Waeleze, mama. Waambie ni huyu huyu."

"Nimetia sahihi nisieleze. Wewe ndiye uliyenishikia karatasi."

"Basi nitawaambia mimi."

"Hukuwaambia?"

Nikaichukua barua nikaikunja.

Alimwita mtetea wake kwa mlio wa ulimi, akaja. Akamkamata taratibu, akampitisha kidole gumba kwenye mfupa wa kidari kama wafanyavyo wafugaji, akamfunua ubawa, akaangalia kile kivuli cha mstari kilichomo ndani. Alikaa naye mapajani muda mrefu. Alilia, na hakujificha.

"Nikiwapa," akasema baadaye, "watamtia kwenye tundu la dhahabu. Watatoa mabendera wengine mia. Halafu watachinja kila kisichofanana nao, kama mwanzo. Nilifuga kwa sababu napenda kuku, mimi. Sikufuga ili nyumba za watu zikaguliwe." Akanisogezea mtetea. "Chinja wewe. Mkono wako umezoea."

Ningeweza kukataa. Nilichinja.

*

Waziri alifika saa saba mchana na magari ishirini na mawili, bendi ya tarumbeta, wataalamu wote kumi na tisa, na tundu la kumchukulia Mama wa Taifa. Lilikuwa la dhahabu kweli, limetandikwa mahameli nyekundu. Waliliweka katikati ya ua, mlango wazi. Televisheni ilirusha moja kwa moja, na ilijulikana kwamba Mtukufu anatazama akiwa kasrini.

Kwa mujibu wa waraka chakula hutangulia. Wakanawa, wakaketi, na Bi. Sikudhani akapakua wali na mchuzi wa nazi. Firigisi akaileta peke yake kwenye kisahani cha maua, akaiweka mbele ya Waziri kwa mikono miwili. Profesa Lusekwa alifurahi sana. Akaisogeza pembeni ili amalizie nayo, akala, akasifu, akaomba mchuzi uongezwe. Mwishowe akamwashiria mpiga picha asogee, akaitia firigisi mdomoni, na shavu likamvimba.

"Sasa, bibi," akasema kwa shida, "tuletee kuku wetu."

"Kuku gani, baba?"

"Yule mweusi. Mama wa Taifa."

Bi. Sikudhani akaiangalia meza, polepole, sahani kwa sahani.

"Paja moja amekula Bwana Chediel. La pili wamegawana mabwana wa tume. Mgongo amepewa dereva. Firigisi unayo wewe."

Bendi ilikuwa imeambiwa ipige mara tu kuku atakapotajwa, basi ikapiga. Chediel akatoa barua mfukoni, akasoma kipengele cha tisa, akaona sahihi, akairudisha mfukoni haraka. Mtaalamu mmoja alichungulia chini ya meza, akakusanya mifupa kwenye leso, akaitazama, akaiweka chini tena. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na tundu la dhahabu na utepe wangu wa kupimia shingoni, na ndani ya moyo wangu, naungama, nilishangilia.

Waziri angeweza kutema. Lakini kamera ilikuwa imemkaribia, na nani atamtema Mama wa Taifa mbele ya Mtukufu? Na nani atammeza? Macho yalimtoka. Jasho likampita puani likadondokea sahani.

"Kwa... kwa nini hukusema?" akauliza, shavu bado limejaa.

"Nilisema," Bi. Sikudhani akajibu. "Nilisimama hapo hapo kwenye lile banda nikasema, nikafungwa siku tatu, na sita wakaliwa. Huyu wa saba mmeniagiza kwa barua, kwa muhuri, nimewapikia." Akamsogezea bilauri ya maji kwa adabu zote anazostahili mgeni. "Tafuna vizuri, baba. Ni miaka kumi na tisa hiyo."

Kamera ilikuwa inawaka. Waziri akatafuna.